Gundi Niliyopaka Kwenye Kodiani ya Kigera

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, naona haya kana kwamba ni ya juzi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nimesimama na kwaya yetu ya Kigera, kule Musoma, kwenye uwanja wa kanisa moja pale Bunda, jua la saa saba limetukalia utosini, tunaimba wimbo wa pili. Katikati ya ubeti, kodiani yetu ikapasuka. Mvukuto wake ulifunguka ubavuni, ukatoa mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa, na kwenye ule mpasuko likaruka wingu dogo la unga mweupe. Mama mmoja aliyekaa mbele akapiga kelele, "Dawa hiyo!" Watu wakasukumana kurudi nyuma. Nami sikujiuliza chochote. Niligeuka nikamtazama mpigaji wetu, Masatu, kwa jicho la mtu aliyekwisha kuhukumu.

Twende taratibu. Habari hii nimekaa nayo miaka mingi, na siku hizi naona vijana mnakuja kwangu na chupa za gundi za kila rangi, kila moja imeandikwa kwamba inashika chochote. Mimi kitu kinachojisifu kwamba kinashika chochote nakiogopa, kiwe gundi au kiwe mtu. Lakini woga huo niliupata kwa kumwumiza mwenzangu, ndiyo maana nataka ujue ulikotoka.

Kodiani, kama hujawahi kuishika, ni kile kinanda cha kuvaa kifuani, unakivuta na kukibana kwa mikono miwili huku vidole vikitafuta sauti. Katikati yake kuna mvukuto, na huo ndio mapafu. Umetengenezwa kwa karatasi ngumu iliyokunjwa mikunjo mingi, ikavikwa kitambaa, na kwenye kona za ndani wamebandika vipande vidogo vya ngozi laini ili kona zikunjuke bila kuchanika. Vyote hivyo vimeshikwa na gundi. Gundi ikilegea mahali pamoja tu, hewa inatoka, na mpigaji anabaki kuhangaika kama mtu anayepuliza kuni mbichi.

Ya kwetu iliachwa na wamisionari kabla sijazaliwa. Ilikaa stoo ya kanisa, mende wakala gundi ya kona, na tulipoitoa ilikuwa inavuja kila upande. Mwalimu wetu wa kwaya, Mafuru, mtu mpole aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, akasema ipelekwe Butiama kwa Mzee Mirumbe. Mzee huyo alikuwa amejifunza kazi hiyo ujanani, kwa wamisionari wenyewe, na katika mkoa mzima sikuwahi kusikia fundi mwingine wa kodiani.

Mimi nilikataa. Nilikuwa nimesikia mambo. Mzee Mirumbe hakuruhusu mtu akae kumwangalia akifanya kazi. Ukimpelekea kinanda, anakwambia urudi baada ya mwezi. Waliopita karibu na nyumba yake walisema inatoka harufu nzito ya kitu kinachopikwa, na hakuna aliyejua ni kitu gani. Wengine walisema anang'oa vile vyuma vizuri vinavyotoa sauti ndani ya kinanda na kurudishia vibovu. Nani alishuhudia? Hakuna. Lakini sisi watu tuna methali yetu ya kujifichia tukikosa ushahidi: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikaitamka mbele ya kwaya nzima, na watu wakaitikia kwa vichwa.

"Mwalimu, mtu anayeficha kazi yake ana jambo," nilisema. "Hii kodiani nitaitengeneza mimi. Gundi naijua."

Kweli nilikuwa naijua, ila ya viatu. Baba yangu alikuwa fundi viatu soko la Musoma, na mikono yake ilipoanza kutetemeka, mimi ndiye niliyeshika sindano na kopo la gundi. Nusu ya soli za Kigera zilipita kwangu. Ile gundi ya njano unaijua: unapaka pande zote mbili, unaacha ikauke kidogo, unabana, basi. Nikabandua ngozi za zamani kwenye kona, nikabandika mpya, nikapaka na kwenye kitambaa palipoachia. Siku mbili tu, kazi imekwisha. Kodiani ikalia. Jumapili ile wakinamama wakanipigia vigelegele, nami nikavipokea vyote, sikubakiza hata kimoja.

Masatu peke yake hakushangilia. Alikuwa kijana wa Kisorya, kule kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, amekuja Musoma kufanya kazi ya kushona nyavu. Kupiga kodiani alifundishwa na mjomba wake. Alikuwa mtu wa maneno machache, amepanga chumba peke yake, akimaliza mazoezi anaondoka. Siku ile aliisogeza kodiani puani, akainusa, akauliza:

"Nyabise, hii ni gundi gani?"

"Ya kushika."

"Kwenye joto haitalainika?"

"Masatu, wewe piga. Kubandika niachie mimi."

Wenzetu wakacheka. Yeye akatikisa kichwa kidogo, akaanza kupiga. Lakini mimi swali lake lilinikaa kooni. Nikasema moyoni, huyu ana wivu. Na mwanangu, shaka ikishaingia ndani ya mtu, kila kitu kinageuka ushahidi. Masatu akinyamaza, nikaona anapanga. Akinisalimia, nikaona anajipendekeza. Mtu mmoja akasema amemwona akiongea na vijana wa kwaya moja ya Bunda, nami nikajazia mwenyewe: anataka kuhamia kwao, na kabla ya kuhama atatuaibisha. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawa nawaambia wasichana wenzangu, na nilijiona mwerevu kweli.

Ijumaa, siku moja kabla ya safari ya Bunda, nilikwenda stoo mchana kuchukua majoho. Nikamkuta Masatu ameketi, kodiani iko mapajani, mvukuto umetandazwa wazi. Mkononi ana wembe. Pembeni yake kuna karatasi iliyokunjwa, na aliponiona akaifunika kwa kiganja.

"Unafanya nini?"

"Naisafisha."

"Kwa wembe?"

"Kuna uchafu umeganda kwenye mikunjo, Nyabise. Namalizia sasa hivi."

Nilichukua majoho nikatoka. Lakini kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimekwisha kuwaambia wasichana wawili kwamba nimemkuta Masatu na wembe na kitu cha kuficha. Ulimi hauna mfupa, nao wangu siku ile ulikuwa na miguu pia.

Jumamosi tukapanda lori asubuhi. Sanduku la kodiani tuliliweka juu ya mizigo ili lisibanwe, likapigwa jua kutoka Musoma hadi Bunda. Pale uwanjani nako hapakuwa na kivuli. Yaliyotokea nimekwisha kukueleza.

Vijana wa kwaya wakaukamata mfuko wa Masatu, wakaumwaga chini. Wembe ukaonekana. Karatasi ikaonekana, ndani yake unga mweupe uleule. Kelele zikapanda. Huyu anasema ametega, yule anasema ndiyo maana haongeagi na watu. Masatu hakukimbia. Alinitazama mimi, katikati ya watu wote wale, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Nyabise, waambie ulipaka gundi gani."

Watu wakanigeukia. Ningesema maneno matatu tu, ni ya viatu, pengine mtu mmoja mwenye akili angetafakari. Lakini niliona vile vigelegele vyote vikinitoka. Nikasema:

"Gundi yangu haina kosa. Na jana nilimkuta na wembe kwa macho yangu."

Mwanangu, kila neno nililosema lilikuwa kweli kwangu. Nilimkuta na wembe. Gundi niliiamini. Ndiyo hatari yake. Unaweza ukamzika mtu kwa maneno ya kweli matupu.

Vijana wakaokota fimbo. Mchungaji wa pale Bunda ikabidi asimame katikati ametanua mikono, anawaambia kama ni kupiga waanze na yeye. Mafuru akamwambia Masatu avue joho la kwaya. Masatu akalivua. Akalikunja vizuri, kona kwa kona, akaliweka juu ya benchi, akaishika barabara ya Kisorya kwa miguu. Hakulia, hakubishana. Hata hilo nikaligeuza ushahidi. "Angekuwa hana hatia si angejitetea?" niliwaambia wenzangu kwenye lori tukirudi.

Wiki mbili baadaye Mafuru akasema sasa kodiani inakwenda Butiama, na mimi nitaibeba. Sikuwa na ubavu wa kukataa tena.

Mzee Mirumbe alikuwa mfupi, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Tukamwamkia. "Marahaba," akasema, "wekeni hapo, na msishike kitu." Nikatupa macho kila pembe. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa umefungwa, na ile harufu niliyosimuliwa ilikuwepo. Nikajisogeza karibu na Mafuru.

Mzee hakuifungua kodiani kwanza. Aliinusa, kama Masatu alivyoinusa.

"Nani amepaka gundi ya viatu humu?"

Mafuru akanitazama. "Mimi, mzee," nikasema.

Akabonyeza kona moja kwa kidole gumba. Ngozi niliyoibandika ikateleza, ikavutika na nyuzinyuzi kama mrenda. Alichukua kipande kingine ambacho bado kilikuwa kimeshika, akakifunga jiwe dogo kwa uzi, akakitundika nje juani, akatuambia tunywe uji. Nilikuwa sijafika nusu ya kikombe niliposikia jiwe limedondoka.

"Sanduku lilisafiri wapi?" akauliza.

"Juu ya mizigo, mzee. Juani."

"Basi mshukuru kwamba hata lilifika Bunda."

Akafungua mvukuto wote. Unga ukaonekana kwenye mikunjo. Mafuru akaruka hatua mbili nyuma. "Mzee, usiguse! Hiyo ndiyo dawa yenyewe." Mzee Mirumbe akamtazama juu ya miwani, akachovya kidole kwenye unga, akakilamba. Mafuru akataja jina la Yesu. Mimi nikasubiri mzee aanguke.

"Muhogo," akasema. "Tena umechekechwa vizuri, kwa kitambaa." Akaisogeza kodiani dirishani. "Njoo uone, binti. Gundi yako haikaukagi kabisa. Ilivuja, mikunjo ikashikana. Kuna mtu amekaa akaiachanisha mkunjo mmoja mmoja kwa wembe, na hajakata hata uzi mmoja wa kitambaa. Kisha akanyunyizia unga ili isishikane tena. Hata mimi nikikosa poda nafanyaga hivyo. Ni nani huyo? Nataka nimwone."

Mafuru akageukia mlango.

"Yuko wapi?"

"Tulimfukuza, mzee," Mafuru akasema polepole.

"Kwa kosa gani?"

"Kwa... kwa huo unga."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Mmemfukuza fundi," akasema, "mkabaki na gundi."

Kisha akanigeukia mimi. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha.

"Na mimi ulinishuku, nimesikia. Maneno yanafika hata Butiama. Sikulaumu kwa kushuku. Fundi asiyeshuku ni hatari. Mimi nashuku gundi, nashuku ngozi, nashuku mvua, nashuku hii mikono yangu. Lakini kila ninachokishuku nakijaribu kwanza, ndipo nakisema. Wewe umeshuku watu wawili na hukumjaribu hata mmoja. Kitu pekee ulichokiamini bila kukijaribu ni kopo lako."

Niliinamisha macho. Mafuru naye alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mzee alikubali kuitengeneza kodiani kwa sharti kwamba nibaki nijifunze. Nikalala kwa mkwe wake siku tisa. Siku ya kwanza akafungua ule mlango wa chumba cha pili. Mle ndani kulikuwa na sufuria ndogo imekaa ndani ya sufuria kubwa ya maji, juu ya makaa machache, na ndani ya ile ndogo vipande vya ngozi na mabondo ya sangara, ule mfuko wa hewa unaotolewa tumboni mwa samaki, vikiyeyuka polepole. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu yote ya Butiama.

"Kwa nini sasa unaficha, mzee?"

"Watu wakiona mzee anachemsha ngozi na mabondo, watasema napika mtu. Nikifunga mlango wanasema vilevile, lakini angalau nafanya kazi kwa amani."

Alinifundisha kwamba gundi ile haitakiwi kutokota, ikitokota inakufa nguvu. Kidole kiweze kuvumilia joto lake. Unatia asali kidogo ili ikikauka isiwe ngumu, maana mvukuto ni kitu cha kukunjwa maelfu ya mara. Akanipa vipande chakavu vya karatasi na ngozi, nikabandika kwa gundi nne: ile yangu ya njano, supagluu, gundi nyeupe ya maseremala, na ile ya sufuriani. Tukaviweka juani siku mbili, tukaviweka karibu na mtungi wa maji siku mbili, kisha nikaambiwa nikunje na kukunjua kila kimoja mpaka vidole viume. Ya njano iliteleza. Supagluu ilishika kama chuma, halafu ikavunjika kama kigae, ikaondoka na karatasi. Ile nyeupe ilistahimili vizuri, na mzee akasema kwa kitambaa cha nje hana ugomvi nayo. Ya sufuriani nayo ilistahimili. Ndipo akachukua maji ya uvuguvugu, akadondoshea zote mbili. Ile nyeupe iling'ang'ania. Ya sufuriani ikaachia taratibu, ngozi ikatoka nzima, karatasi nzima.

"Kwenye kona, paka inayokubali kufunguliwa," akasema. "Wewe leo umekosea, na kesho atakosea mwingine. Anayekuja baada yako apate pa kuanzia."

Siku ya tisa kodiani ilipumua bila kuvuja hata mahali pamoja. Nikamshukuru, nikapiga magoti. Akasema, "Kazi ya kodiani imekwisha. Yako bado. Nenda Kisorya."

Nilikwenda peke yangu. Pale Kisorya nikauliza nyumbani kwa kina Masatu, na niliyemwuliza akanipima kwa macho kuanzia kichwani hadi miguuni. "Unamtaka yule wa unga?" Jina lilikuwa limefika kabla yake, na sasa ndilo alilokuwa akiitwa kwao.

Nikaelekezwa sokoni. Mwanangu, sikujua. Mama yake Masatu alikuwa anauza unga wa muhogo. Ndio uleule aliomfungia mwanawe kwenye karatasi alipokwenda Musoma, apikie ugali. Habari za Bunda zilipofika, watu waliacha kununua kwake siku moja hiyohiyo. Nilimkuta amekaa na gunia lake limejaa, wadudu wameanza kuingia. Wenzake walikuwa wamesogeza mikeka yao mbali, pakabaki uwazi kumzunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unataka unga," akasema kwa mashaka, "au umetumwa kuja kunitazama?"

Nikapiga magoti, nikamwambia mimi ni nani na nilifanya nini. "Kumbe ni wewe," akasema. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu.

Nikasimama pale sokoni nikapaza sauti. Nikasema jina langu na kwetu, nikasema nilipaka gundi mbovu kwenye kodiani, ikayeyuka kwa jua, na Masatu alikuwa anaokoa kazi yangu kwa wembe na unga wa mama yake, nami kwa kiburi changu nikamwacha aitwe mchawi. Watu wakakusanyika. Mwanaume mmoja akasema, "Tutajuaje? Labda na huyu amekwisha kulishwa dawa." Wengine wakaguna kumuunga mkono. Hapo ndipo nilipoona sura yangu mwenyewe ilivyokuwa pale Bunda.

Nikamwomba mama asonge ugali wa unga uleule, palepale, kwenye jiko la muuza chai. Akasonga. Tukapewa dagaa. Nikala mbele yao wote, tonge kwa tonge. Mama Masatu akanawa akala. Wengine walisimama wakitungojea tuanguke. Mwishowe kikongwe mmoja mwuza mkaa akajikokota, akanawa, akasema, "Nimezeeka, niacheni nife nimeshiba," akala. Watatu tu, mwanangu. Soko zima, watatu.

Masatu alitokea ziwani tukiwa bado tunanawa. Alisimama, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Nikamwuliza kitu kimoja kilichokuwa kinanichoma tangu Butiama: "Kwa nini hukuniambia ile Ijumaa?"

"Ulikuwa umefurahi mno na kazi yako," akasema. "Nikaona acha Bunda ipite kwanza. Tukirudi, ningekwambia tuitengeneze upya pamoja."

Machozi yakanitoka. "Usilie hapa sokoni, Nyabise," akasema kwa sauti ya chini. "Wataanza tena kusema."

Wiki iliyofuata Mafuru alikuja Kisorya na kwaya nzima kuomba radhi. Mama alitupokea, akatupa viti. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wanunuzi wengine walirudi, wengine hawakurudi, na wapo waliosema hayo ya kuomba radhi nayo ni ya kupangwa. Kabla ya mvua za masika mama alihamia kwa ndugu zake Ukerewe. Masatu alikuja Kigera mara moja tu, Jumapili ya mavuno, akapiga ile kodiani iliyotengenezwa Butiama. Ililia vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia. Baada ya ibada tukamsihi arudi kwenye kwaya. Akasema, "Nimewasamehe, kweli kabisa. Ila siku hizi nikipiga, masikio yangu yako mgongoni." Akashukuru chakula, akaenda zake. Sikupata kumsikia akipiga tena.

Hilo ndilo nililoliona, na ndilo ninalokuachia. Unapomshuku mtu asiye na hatia, unamwambukiza shaka yako. Wewe utapona, utaomba radhi, utaimba. Yeye atabaki akiangalia mikono ya watu.

Kwa hiyo nisikilize. Ukiletewa mvukuto wa kodiani, usiulize gundi ipi ina nguvu zaidi. Uliza ipi inakunjika, ipi inavumilia jua la Bunda na unyevu wa ziwa, na ipi itamruhusu fundi mwingine afungue ulipokosea. Hiyo yako ya dukani sikukatazi, wala video kwenye simu yako siichukii. Ijaribu kwenye kipande chakavu kwanza. Siku nne za kujaribu hazijawahi kumwua mtu.

Na kwa binadamu fanya hivyohivyo, tena zaidi. Shaka itakujia, huwezi kuizuia. Ila kabla hujaitamka, nenda kwa mwenyewe, mkae wawili, umwulize. Mtu akikuuliza umepaka nini, jibu, hata kama jibu litakuvua sifa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na siku moyo wako ukikwambia kwamba mwenzako ana lake jambo, anza kwa kukagua kazi ya mikono yako wewe.

Mungu akupe mikono yenye subira na pua inayonusa kabla ya kinywa kusema. Akupe rafiki wa kukurekebishia kazi kimyakimya, na akufumbue macho umtambue angali karibu. Na siku utakapokosea, mwanangu, maana utakosea tu, asikose kutokea mtu wa kukuuliza kabla ya kukuhukumu.